Printa haichapi kwenye Linux: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Printa ikigoma, wengi hukimbilia kufuta draiva (programu inayoelewanisha kompyuta na printa) na kuiweka upya. Saa nzima inaisha na tatizo liko palepale, kwa sababu draiva ni kituo kimoja tu njiani. Faili hutoka kwenye programu, huingia kwenye foleni ya CUPS, hupita kwenye vichujio vinavyoligeuza, hufika kwa draiva inayoliandika kwa lugha ya printa, kisha husafirishwa kwa kebo au kwa mtandao. Kabla ya kurekebisha chochote, jua faili limekwamia kituo gani.

CUPS ndiyo mfumo wa kuchapa wa karibu kila Linux ya mezani, na macOS nayo huutumia. Ndiyo maana printa zinazokubali AirPrint, njia ya kuchapa bila draiva ambayo Apple waliianzisha mwaka 2010, mara nyingi hufanya kazi na Linux bila kuwekewa draiva yoyote. Kama hujanunua printa bado, tafuta alama hiyo au ya IPP Everywhere, ambayo nayo ni njia ya kuchapa bila draiva, kwenye boksi. Utakuwa umejiepusha na nusu ya matatizo yaliyomo humu.

Amri za hapa huandikwa kwenye terminali, na ni za Debian, Ubuntu na jamii yake. Kwenye Fedora, weka dnf mahali pa apt. Jina la printa katika mifano ni ofisini. Badala yake andika la kwako.

VIPIMO VITATU VYA KUANZIA

Kwanza, printa ichape ukurasa wake yenyewe huku kebo ya kompyuta ikiwa imechomolewa. Nyingi hufanya hivyo kupitia menyu ya kioo chake, au ukishikilia kitufe fulani kwa sekunde kadhaa. Kitabu chake kinaonyesha kipi. Ukurasa usipotoka, au ukitoka na mistari na madoa, Linux haihusiki. Ruka hadi sehemu ya mwisho.

Pili, uliza foleni inasemaje:

lpstat -t

Jibu lenye afya huwa na mistari kama hii:

scheduler is running
system default destination: ofisini
device for ofisini: ipp://192.168.1.50/ipp/print
ofisini accepting requests since ...
printer ofisini is idle. enabled since ...

Usome mstari kwa mstari. Kama wa kwanza unasema "scheduler is not running", CUPS yenyewe imelala. Iamshe kwa sudo systemctl restart cups. Kama mstari wa device una anwani ambayo printa haina tena, umeshapata jibu. "Disabled" au "not accepting" maana yake foleni imefungwa, na draiva yako inaweza kuwa nzima kabisa.

Tatu, tuma neno moja bila kupitia programu yoyote:

echo "jaribio" | lp -d ofisini

Neno likitoka na waraka wako ukikataa, kosa liko kwenye faili au kwenye programu uliyoitumia. Uhamishe waraka kuwa PDF, uufungue kwa kisomaji kingine, kisha uchape kutoka huko. PDF yenye fonti mbovu ndiyo mkosaji mkubwa hapa.

DALILI: PRINTA YA USB HAIONEKANI KABISA

Chanzo cha kawaida ni kebo. Chomeka printa moja kwa moja kwenye kompyuta bila kupitia kigawanyaji cha USB (hub), na kebo isizidi mita 5, kwani hapo ndipo mwisho wa USB 2.0. Kisha:

lsusb

Tafuta namba ya mtengenezaji: 03f0 ni HP, 04b8 ni Epson, 04a9 ni Canon, 04f9 ni Brother, 04e8 ni Samsung. Namba isipoonekana, hakuna programu itakayokusaidia. Badilisha kebo, tundu, au jaribu kompyuta nyingine. Namba ikionekana, endelea:

sudo lpinfo -v

Mstari unaoanza na "direct usb://" ukiwepo, CUPS imeiona printa na kilichobaki ni kuiundia foleni. Usipokuwepo ilhali lsusb inaiona, mara nyingi kuna programu nyingine iliyoishikilia printa hiyo.

Programu hiyo kwa kawaida ni ipp-usb. Huichukua printa ya USB na kuionyesha kana kwamba iko kwenye mtandao, ndani ya kompyuta hiyohiyo, kuanzia poti 60000. Kwa printa mpya ni neema: huhitaji draiva. Lakini printa moja haiwezi kushikwa na wawili. Kama foleni yako ni ya HPLIP, yaani draiva za HP kwa Linux, na anwani yake inaanza na hp:/usb, huku ipp-usb imeikamata printa, kila kazi itaishia kwenye kosa la mawasiliano. Chagua upande mmoja. Ukitaka kubaki na HPLIP:

sudo systemctl mask --now ipp-usb

Kuzima kwa disable peke yake hakutoshi, maana mfumo huiamsha tena kila unapochomeka printa. Baada ya hapo chomoa kebo, subiri sekunde 10, rudisha.

Zipo pia HP za zamani kama LaserJet 1018, 1020 na P1005 ambazo zina tabia yake: hazihifadhi programu yao ya ndani. Ukizima umeme huisahau, na kompyuta lazima itume programu hiyo upya kila zinapowashwa. Dalili ni kwamba inaonekana kwenye lsusb, foleni iko sawa, kazi inasema imekamilika, na karatasi haitoki. Zinahitaji HPLIP pamoja na kijalizo chake (plugin):

sudo apt install hplip
hp-plugin -i
hp-setup -i

Zima printa, washa tena, ipe dakika moja kabla ya kutuma kazi.

DALILI: PRINTA YA MTANDAO HAIONEKANI, AU INAONEKANA NA KUPOTEA

Angalia kwanza kama kompyuta na printa ziko kwenye mtandao mmoja kweli. Ruta nyingi hutoa Wi-Fi ya wageni, na vifaa vya wageni haviruhusiwi kuonana. Nyingine zina kipengele cha kutenga vifaa hata kwenye mtandao wa kawaida. Kitafute kwenye mipangilio ya Wi-Fi ya ruta na ukizime. Kumbuka pia kwamba printa nyingi hushika mawimbi ya 2.4 GHz tu. Hilo si tatizo kama ruta inaunganisha 2.4 na 5 GHz kuwa mtandao mmoja, lakini linaweza kuwa tatizo kama imezitenganisha.

Soma anwani ya IP kwenye kioo cha printa au kwenye ukurasa wake wa mtandao, kisha:

ping -c 4 192.168.1.50
nc -zv 192.168.1.50 631
nc -zv 192.168.1.50 9100

Ping isipojibu, rudi kwenye ruta. Poti 631 ikijibu, printa inazungumza IPP, lugha ya kuchapa kwa mtandao, na uko salama. Ikijibu 9100 peke yake, huenda IPP imezimwa ndani ya printa: fungua anwani yake kwenye kivinjari, ingia kwenye mipangilio ya mtandao, uiwashe.

Printa ikijibu kwa anwani lakini haijitokezi yenyewe kwenye orodha, tatizo ni ugunduzi. Kazi hiyo ya kutafuta printa kwenye mtandao hufanywa na programu ya Avahi kupitia poti ya UDP 5353:

systemctl status avahi-daemon
avahi-browse -rt _ipp._tcp

Kama avahi-browse inaiona printa ila CUPS inalalamika haiwezi kupata jina lenye .local, kompyuta haijui kutafsiri majina hayo. Sakinisha libnss-mdns (kwenye Fedora ni nss-mdns) na uhakikishe mstari wa hosts katika /etc/nsswitch.conf una maneno mdns4_minimal [NOTFOUND=return] kabla ya dns. Kama avahi-browse haioni kitu, na umewasha fayawoli yenye masharti makali, ruhusu UDP 5353.

Ugunduzi ukikusumbua usishindane nao. Tengeneza foleni kwa mkono:

sudo lpadmin -p ofisini -E -v ipp://192.168.1.50/ipp/print -m everywhere

Zingatia mahali -E ilipokaa. Ikija baada ya -p humaanisha "fungua foleni na ipokee kazi". Ukiiweka kabla, CUPS huielewa kuwa unataka mawasiliano yaliyofichwa kwa siri, na foleni yako inazaliwa ikiwa imefungwa. Watu wengi wamelaumu draiva kwa sababu ya herufi hiyo moja.

Ukitaka uhakika kwamba printa yako inaweza kufanya kazi bila draiva:

sudo apt install cups-ipp-utils
ipptool -tv ipp://192.168.1.50/ipp/print get-printer-attributes.test

Katika majibu marefu utakayopata, tafuta document-format-supported. Ukiona image/pwg-raster, image/urf au application/pdf, acha kutafuta draiva. Njia ya everywhere itafanya kazi.

Sasa kuhusu ile inayofanya kazi wiki mbili kisha inapotea. Ruta imeipa printa anwani mpya. Dawa ya kudumu ni kuifungia anwani moja ndani ya ruta kwa kutumia namba ya MAC ya printa, yaani namba yake ya kipekee ya mtandao. Kuandika anwani tuli ndani ya printa yenyewe nako kunafaa, mradi uchague namba iliyo nje ya zile ruta inazogawa. La sivyo siku moja simu ya mtu itapewa anwani ileile.

Ujumbe mwingine unaojirudia ni "No destination host name supplied by cups-browsed". Huyo cups-browsed huunda foleni zake mwenyewe kwa kila printa anayoiona, na akipoteza habari za printa, foleni inabaki bila mwelekeo. Kwa kompyuta ya nyumbani au ofisi ndogo, mzime, kisha unda foleni ya mkono kama hapo juu:

sudo systemctl disable --now cups-browsed

Kuna sababu nyingine ya kumzima. Septemba 2024 ilitangazwa hatari kubwa ya usalama, CVE-2024-47176, iliyotokana na cups-browsed kusikiliza UDP 631 kutoka kwa yeyote. Masasisho yametoka, kwa hiyo sasisha mfumo. Na kamwe usifungue poti 631 kuelekea intaneti, hata kwa dakika moja ya majaribio.

DALILI: KAZI ZINAPANGA FOLENI LAKINI HAKUNA KINACHOTOKA

Mara nyingi foleni imesimamishwa. Sera ya makosa ikiwa stop-printer, CUPS huifunga foleni nzima printa ikishindwa mara moja tu, kwa mfano kebo ikichomoka katikati ya kazi. Ukirudisha kebo, foleni haijifungui. Ifungue:

sudo cupsenable ofisini
sudo cupsaccept ofisini

Ikiwa hali hii hujirudia, badilisha sera ili CUPS iwe inajaribu tena badala ya kufunga:

sudo lpadmin -p ofisini -o printer-error-policy=retry-job

Chanzo kinachofuata ni kazi moja mbovu iliyokaa mbele ya nyingine. Zifute zote kwa cancel -a ofisini. Zikikataa kufutika, safisha ghala lenyewe:

sudo systemctl stop cups
sudo sh -c 'rm -f /var/spool/cups/c[0-9]* /var/spool/cups/d[0-9]*'
sudo systemctl start cups

Hiyo sh -c ina kazi yake. Folda ya /var/spool/cups haisomeki na mtumiaji wa kawaida, hivyo ukiandika sudo rm na nyota moja kwa moja, terminali yako haiwezi kuona majina ya mafaili, nyota inabaki kuwa nyota, na hakuna kinachofutwa. Andika njia nzima kama ilivyo; rm kwa sudo haina kurudi nyuma. Zima na printa pia, sekunde 30, ili kumbukumbu yake itoke.

Kama foleni iko wazi, kazi haina kosa, na printa inawasha taa ya onyo, tazama ukubwa wa karatasi. Linux yako imeomba Letter, trei ina A4, na printa inasubiri mtu aweke karatasi ambayo hamna. Weka A4 iwe ya kudumu:

sudo lpadmin -p ofisini -o media-default=iso_a4_210x297mm

Printa inayotumia draiva ya mtindo wa zamani hupokea -o PageSize=A4 badala yake. Kisha kagua mpangilio wa karatasi ndani ya programu uliyochapia, kwa sababu waraka uliotoka kwa mtu mwingine huja na ukubwa wake.

DALILI: "FILTER FAILED"

Ujumbe huu hausemi chochote zaidi ya "kituo cha katikati kimeanguka". Ndio unaowafanya watu wasakinishe draiva mara tano. Usibahatishe, washa kumbukumbu za kina kwanza:

sudo cupsctl --debug-logging
echo "jaribio" | lp -d ofisini
sudo tail -n 200 /var/log/cups/error_log
sudo cupsctl --no-debug-logging

Kwenye Fedora na baadhi ya nyingine, maelezo yako kwenye journalctl -u cups. Lp ikikujibu "request id is ofisini-57", tafuta mistari yenye [Job 57] na usome kutoka juu kwenda chini. Mstari wa kwanza wenye kosa ndio wenye maana. Unaofuata ni mwangwi wake.

Ukiona "File ... not available: No such file or directory", draiva imetajwa na foleni lakini haimo kwenye kompyuta. Hutokea baada ya kuhamia toleo jipya la mfumo. Sakinisha kifurushi husika: printer-driver-brlaser kwa Brother nyingi za leza, printer-driver-escpr kwa Epson za wino, printer-driver-splix kwa Samsung za lugha ya SPL, printer-driver-gutenprint kwa Canon na Epson nyingi za zamani. Kwa HP ni hplip.

Ukiona "has insecure permissions", kichujio kipo ila CUPS imekataa kukiendesha kwa sababu kinaweza kuandikwa na mtu yeyote. Huwapata waliosakinisha kwa mkono kutoka kwenye faili lililobanwa:

sudo chown root:root /usr/lib/cups/filter/jina
sudo chmod 755 /usr/lib/cups/filter/jina

Usithubutu kujibu tatizo la ruhusa kwa chmod 777. Ruhusa hiyohiyo ndiyo CUPS inayoikataa.

Lipo la tatu, linalochanganya kuliko yote: faili la kichujio lipo, ruhusa ni sahihi, na bado kumbukumbu zinasema "No such file or directory". Kinachokosekana ni kipakiaji chake, yaani sehemu ya mfumo inayoianzisha programu. Baadhi ya draiva za watengenezaji, hasa za Brother, zilitengenezwa kwa biti 32, na Linux ya biti 64 haiji na maktaba za biti 32. Thibitisha:

file /usr/lib/cups/filter/jina

Ikikujibu "ELF 32-bit", ongeza maktaba:

sudo dpkg --add-architecture i386
sudo apt update
sudo apt install libc6:i386

Kwenye Fedora ni glibc.i686. Wakati mwingine amri ya file itakuambia ni hati tu ya maandishi (script). Hapo fungua hati hiyo uone inaita programu gani, kisha upime programu hiyo. Kama kompyuta yako ni ya ARM, mfano Raspberry Pi, na draiva ni ya Intel, utaona "Exec format error". Hakuna maktaba itakayokuokoa. Tafuta draiva huria au tumia everywhere.

Kwa HP, kosa la kichujio baada ya sasisho karibu kila mara ni kijalizo kilichopitwa. Kijalizo lazima kiwe cha toleo lilelile la HPLIP, na sasisho la mfumo hubadilisha HPLIP bila kukigusa. Endesha hp-plugin -i tena.

DALILI: KURASA ZA HERUFI ZA AJABU, AU KURASA TUPU

Bonyeza kitufe cha kusitisha kwenye printa mara moja, la sivyo itakumaliza karatasi. Kisha tazama ukurasa wa kwanza. Ukianza na %!PS-Adobe, printa imepewa PostScript na haiijui lugha hiyo, kwa hiyo imeichapa kama maandishi. Ukiona @PJL na kufuatiwa na takataka, imepokea lugha ya familia nyingine. Chanzo ni kimoja: draiva iliyochaguliwa si yake, au foleni iliundwa kuwa "raw", yaani inatuma data bila kuigeuza.

Tafuta draiva zilizopo kwa jina la modeli:

lpinfo -m | grep -i "hl-l23"

Kisha ubadilishe kwa sudo lpadmin -p ofisini -m na jina lililotolewa. Modeli yako isipokuwepo, printa nyingi za leza za ofisini huelewa lugha ya PCL, na draiva ya jumla ya PCL huzitosha. Printa za bei nafuu zisizo na lugha ya kawaida hazitaielewa. Hizo zinataka draiva yake hasa, na Canon za familia ya CAPT kama LBP2900 ni miongoni mwa ngumu zaidi kwenye Linux.

Kurasa tupu kutoka printa ya wino, ikiwa ukurasa wake wa ndani ulitoka vizuri, ni draiva. Ukurasa wa ndani nao ukiwa mtupu, ni wino au kichwa cha kuchapia. Printa ya leza ikitoa kurasa tupu baada ya kubadilishwa tona, angalia kama utepe wa plastiki wa kufungia tona umevutwa ukatoka.

Ikiwa maandishi ya PDF ndiyo yanayoharibika na mengine ni mazuri, kwenye printa ya PostScript jaribu kubadilisha kigeuzi:

sudo lpadmin -p ofisini -o pdftops-renderer-default=pdftops

DALILI: HAICHAPI PANDE MBILI, AU INACHAPA BILA RANGI

Kwa pande mbili, mara nyingi draiva haijui kwamba printa ina kigeuza karatasi. Fungua http://localhost:631, chagua printa, ingia kwenye mipangilio ya chaguo-msingi, kisha sehemu ya vifaa vilivyofungwa, na uonyeshe kwamba kigeuzi kipo. Kwa rangi, endesha lpoptions -p ofisini -l na utazame mstari wa ColorModel au print-color-mode. Chaguo lenye nyota ndilo linalotumika sasa.

DALILI: INAOMBA NENOSIRI NA KULIKATAA, AU "FORBIDDEN"

Akaunti yako haimo kwenye kundi la wasimamizi wa printa.

sudo usermod -aG lpadmin $USER

Toka kwenye akaunti kabisa na uingie tena. Kufunga terminali hakutoshi. Kivinjari kikiuliza, weka jina na nenosiri lako la kompyuta. Ukiandika root kwenye Ubuntu utakataliwa, kwa kuwa root huko haina nenosiri. Fedora haina kundi la lpadmin. Wenye wheel ndio wasimamizi.

PALE AMBAPO LINUX HAIHUSIKI

Mistari myeupe kwenye printa ya wino ni matundu yaliyoziba. Chapa ukurasa wa kukagua matundu, safisha kichwa mara moja, kagua tena. Usizidishe mara tatu mfululizo: kila usafishaji humwaga wino mwingi kwenye sponji ya ndani. Iache printa kwa muda wa saa 6 hadi 12 wino ulainike, ndipo urudie. Sponji hiyo ikijaa, printa hujifunga kabisa. Kuna programu za kufuta hesabu yake, lakini kufuta hesabu bila kubadilisha sponji ni kusubiri wino umwagike ndani ya mashine, pengine juu ya saketi za umeme. Hiyo ni kazi ya fundi.

Karatasi ikikwama, zima printa na uivute polepole kwa mikono miwili kuelekea upande inakokwenda kawaida. Kwenye leza, sehemu ya nyuma inayoyeyushia tona hufikia joto la karibu nyuzi 200 za Selsiasi. Subiri angalau dakika 30 kabla ya kuingiza mkono, na usichokoe kwa kisu wala bisibisi. Kipande cha karatasi kikibaki ndani na hakifikiki, usiwashe, mpe fundi.

Tona ikimwagika, futa kwa kitambaa kikavu kisha chenye maji baridi. Maji ya moto huiyeyusha ikagandamana na nguo. Usitumie kifyonza vumbi cha nyumbani, maana chembe za tona ni laini kiasi cha kupita kwenye chujio na kurudi kwenye hewa unayovuta.

Harufu ya kuungua, cheche, moshi, au printa inayozima umeme wa chumba: chomoa kwenye soketi na usijaribu tena. Usifungue sehemu ya umeme hata kama imechomolewa, kwa kuwa kapasita hubaki na chaji. Sasisho la programu ya ndani ya printa likikatika katikati na mashine ikakataa kuwaka, hakuna amri ya Linux itakayoirudisha. Ipeleke kwa fundi aliyeidhinishwa na mtengenezaji. Mpelekee na ule ukurasa wa ndani wa mwisho uliotoka, kama unao, kwa sababu una toleo la programu hiyo na idadi ya kurasa zilizochapwa, na hayo ndiyo mambo mawili ya kwanza atakayouliza.